Kihispania cha Wiki Tatu kwa Ajili ya Sista Agnesi

Nemba, Jumamosi, saa kumi jioni.

Mvua imetukuta njiani na mpaka sasa haina dalili ya kukatika. Deo, mume wangu, ametandika koti lake juu ya kuni jikoni likauke. Mimi nimekaa karibu na dirisha na simu yangu, miguu ina tope la Nyakahura. Sijanawa, na sijui kwa nini sitaki kunawa.

Shajara yangu, leo sina utani. Wanaonisoma humu mtandaoni wamezoea habari za wanafunzi wangu wa darasa la nne, mahindi yangu yanayoliwa na nyani, na mume wangu anayekoroma mpaka kuku wanaamka. Leo anayetaka kucheka anisamehe.

Sista Agnesi ameondoka.

Nimeiandika sentensi hiyo na kuifuta mara tatu. Mara ya kwanza niliandika "amesafiri", nikaona najidanganya, maana anayesafiri hurudi. Basi ibaki hivyo, ameondoka.

Kwa msiomjua. Mama yangu mzazi alifariki kule Kibimba, wilaya ya Ngara, saa chache baada ya kunizaa. Baba alikuwa ameshavuka mpaka wa Kabanga kurudi Burundi na hatukumwona tena. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa na mgongo uliopinda na kashamba ka migomba. Maziwa hakuwa nayo. Mkunga wa siku ile alikuwa sista wa Kihispania wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha. Alinichukua kutoka mikononi mwa Bibi akaninywesha maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, kwa kijiko, tone kwa tone, usiku na mchana. Nililala chumbani kwake ndani ya kapu la maharage mpaka nikaanza kutambaa. Wahenga wamesema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kazi hiyo aliifanya yeye, akaifanya mpaka siku niliyoolewa.

Alikuwa anaongea Kihangaza, lugha ya kwetu Ngara, mpaka wazee wanapiga makofi kwa raha. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, kimenyooka. Sisi watoto tuliochanganya l na r alitusimamisha barazani turudie neno mara kumi. Ualimu wangu ulianzia pale.

Baada ya Pasaka alianguka kwenye bustani ya nyanya. Kiharusi. Mguu ulirudi, mkono ukarudi, akaweza kujilisha mwenyewe, tukamshukuru Mungu. Lugha hazikurudi. Kihangaza kilitangulia kwenda, Kiswahili kikafuata, akabaki na Kihispania peke yake, na katika nyumba ile hakuna hata mmoja anayekijua. Masista waliobaki ni watatu, wote watu wa huku huku kwetu.

Nilipokwenda kumwona mara ya kwanza baada ya kuugua nilipiga goti kama kawaida yangu. "Shikamoo Sista." Miaka yote jibu lake lilikuwa moja, "Marahaba, mwenye nyumba," kwa sababu nikiwa mtoto nilipenda kubeba funguo za stoo na kujifanya mkubwa. Safari hii alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyesimama dirishani kusubiri dawa. Akasema kitu ambacho sikukielewa, akageukia ukuta.

Sista Godeliva, ambaye ndiye mkuu wa nyumba siku hizi, alinishika bega. "Mwarimu, usirie. Hata sisi anatuangaria hivyo hivyo."

Nililia.

Halafu ikaja barua kutoka kwa wakubwa wa shirika lao. Arudishwe Hispania. Kuna nyumba ya masista wazee, kuna madaktari, kuna watu watakaoelewa anachosema. Hakuna neno baya hata moja katika barua ile, na nadhani hilo ndilo lililoniumiza, kwamba sikuwa na wa kumkasirikia. Sista Godeliva akasema, "Mwenda kwao si mtumwa." Nikaitikia, lakini moyoni nilichemka. Mtu amekaa hapa miaka hamsini na ushei, amezalisha watoto ambao sasa ni mababu, halafu mnaniambia anakwenda kwao. Kwao ni wapi?

Nilikuwa na wiki tatu. Shule zilikuwa zimefungwa. Nikamwomba Deo ruhusa, nikahamia Kibimba kwenye chumba kile kile nilicholala nikiwa mtoto. Nilitaka kitu kimoja tu kabla gari halijamchukua. Anijue. Hata kwa dakika tano. Nimwambie mimi ni Skola, ulinilea, asante, kisha aende zake na mimi nibaki na langu.

Kwa hiyo ilibidi nijifunze Kihispania. Cheka kama unataka, hata Deo alicheka. Alisema mwanamke wa miaka thelathini na tatu ambaye Kiingereza chenyewe kinampiga chenga anataka kumeza lugha nyingine kwa siku ishirini na moja.

Kitabu changu cha kujifunzia nilikikuta kwenye sanduku chini ya kitanda chake, katikati ya vitabu vya nyimbo. Daftari la mistari, jalada la bluu lililopauka, kona zimeliwa na mende. Ndani, mwandiko wake wa ujana. Upande wa kushoto Kihispania, upande wa kulia Kiswahili. Ni daftari alilojifunzia yeye alipofika, miaka mingi kabla sijazaliwa. *Yo cultivo*, mimi ninalima. *Tú cultivas*, wewe unalima. *Ella cultiva*, yeye analima. Nililishika nikaketi sakafuni. Yeye alikuwa amevuka kutoka kushoto kuja kulia. Mimi nikaanza kuvuka kutoka kulia kwenda kushoto.

Nimefundisha Kiswahili miaka tisa na sikuwahi kufikiria jinsi tunavyosema "ninalima". Sisi tunamweka mtu mbele. Ni-, u-, a-, tu-, halafu ndipo kazi inafuata. Wenzetu wanaanza na kazi, mtu anakuja nyuma kabisa. Ukisikia *-o* mwishoni, ni mimi. Ukisikia *-as*, ni wewe. *Hablo*, ninaongea, *hablas*, unaongea, *habla*, anaongea, *hablamos*, tunaongea. Inabidi usubiri mpaka neno liishe ndipo ujue ni nani. Kuna vitenzi vya kundi la kula, *como, comes, come*, na kundi la kuishi, *vivo, vives, vive*. Ukishayajua makundi matatu unakwenda kama mtu anayepalilia, tuta kwa tuta. Nilipalilia hasa, nikiwa kwenye bustani ya masista na jembe mkononi, nikiimba *comemos, vivimos* mpaka mlinzi akamwuliza Sista Godeliva kama ugonjwa ule unaambukiza.

Kitenzi kilichonishinda ni "kuwa". Wanacho mara mbili. Kimoja ni cha vile ulivyo, *soy*, mimi ni fulani, ni binti wa fulani. Kingine ni cha hali na mahali, *estoy*, nimechoka, nipo hapa. Sista mwenyewe alikuwa ameandika pembeni kwa penseli, kwa Kiswahili chake cha wakati ule chenye makosa: "Waswahili hawana hii. Wana bahati."

Daftari linaishia kwenye wakati uliopo. Hakuna jana mle ndani wala kesho. Nadhani alipofika hapo alichoka kuandika akatoka kwenda kuongea na watu. Mstari wa mwisho kabisa ni *Vivo aquí*, ninaishi hapa. Nilijaribu kutafuta wakati uliopita kwenye simu, nikakuta vitenzi vinabadilika sura na tabia, nikaifunga. Mwalimu anajua mwanafunzi akishajaa. Kwa wiki tatu, wakati mmoja ulinitosha kichwa.

Siku ya tano nilimwendea na sentensi yangu. Nilisimama mlangoni, nikapiga goti, nikasema *¿Cómo está, Sista?*, habari yako, Sista? Aligeuka haraka. Akafungua mdomo na maneno yakamwagika, na mimi nikasimama pale kama mtu aliyefungua bomba akiwa na kikombe. Nilidaka mawili matatu. *Madre*, mama. *Nieve*, ambalo nililitafuta baadaye kwenye simu, kumbe ni theluji. Na *vacas*.

Ng'ombe! Hilo nilikuwa nalo. Daftari lilikuwa na ng'ombe ukurasa mzima. Nikasema *la vaca come hierba*, ng'ombe anakula nyasi. Akakubali kwa kichwa, kwa uzito, kama mfugaji. Nikasema *la vaca bebe agua*, ng'ombe anakunywa maji. Akakubali tena. Tukaongea ng'ombe kwa robo saa, mimi nikisema wanachofanya na yeye akinisahihisha. Nilitoka pale nikiwa nimelowa jasho na furaha.

Lakini hakuniuliza mimi ni nani.

Kabla wiki ya kwanza haijaisha alifika Sista Elena, kijana, kutoka Hispania, aliyetumwa kuja kumchukua na kushughulikia hati zake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu karibu na mlango. Alipoingia alimwita, "Sista Agnesi." Kimya. Akamwita tena. Kimya. Halafu akatazama karatasi aliyokuwa nayo, akasema kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake dirishani, "Merche!"

Sista Agnesi aligeuka mwili mzima. Uso wake wote ulifunguka. Sijawahi kuona uso ule, na nimeishi naye miaka.

Hilo ndilo jina alilopewa na mama yake, kabla ya utawa, kabla yetu. Sista Elena alinieleza kwa Kiingereza cha kuungaunga, nami nikakipokea kwa kuungaunga. Kichwani mwake sasa hivi yeye ni msichana wa miaka kumi na moja kijijini kwao milimani, na kazi yake ni kuwarudisha ng'ombe nyumbani kabla theluji haijaanguka. Huyo Sista Agnesi tunayemwita, yeye hamjui. Hajawahi kukutana naye. Akaniambia, nawe mwite Merche. Kaa karibu yake kitandani, mshike mkono, mtazame machoni. Atakusikiliza.

Hapa ndipo penye kosa langu, na ndiyo sababu nimefungua simu hii badala ya kunawa miguu.

Sikuweza.

Mtu aliyekulea humwiti jina. Bibi yangu alikuwa hatamki jina la baba mkwe wake mpaka anaingia kaburini, na hata neno la kawaida lililofanana nalo alilizunguka kwa maneno mengine, wajukuu tukawa tunacheka. Nilipokuwa na miaka sita niliwahi kumsikia mgeni akisema "Agnesi" bila kitu mbele, nami nikaona ni vizuri, nikaingia jikoni nikaita hivyo. Bibi alikuwapo. Alininasa kofi, halafu Sista mwenyewe akanitoa nje, akanitaka niingie upya na kupiga goti. Shikamoo Sista. Marahaba. Yeye ndiye aliyenifundisha adabu ya kwetu, yeye Mzungu, kwa sababu alitaka niwe mtu wa hapa na nisije nikasemwa kwamba nimelelewa na wageni.

Basi ningeanzaje kumwita Merche, kama shoga yangu wa sokoni?

Nikaendelea na kigoda. Kila asubuhi nilipiga goti mlangoni, nikakaa mbali, mikono katikati ya magoti, macho chini, nikasema sentensi zangu kwa sauti ya heshima. Sista, ng'ombe wanakuja. Sista, mvua inanyesha. Yeye alijibu kidogo, kwa ustaarabu. Wiki ya pili yote ilikwenda hivyo, na ya tatu nayo. Nilidhani tatizo ni Kihispania changu. Nilikesha na vitenzi. Nilijifunza mpaka *vengo, vienes, viene*, ninakuja, unakuja, anakuja, vile vinavyokataa kufuata njia ya wenzao.

Juzi Sista Elena aliniuliza kwa upole kama ningependa kujua Merche anasema nini juu yangu. Nikasema ndiyo. Akasema kila siku anauliza swali hilo hilo: yule mwanamke aliyekaa mlangoni anasubiri nini? Hakuna mtu wa kumhudumia?

Nilitoka nje nikaenda kusimama kwenye bustani ya nyanya.

Wiki tatu nilimpigia magoti mtoto wa miaka kumi na moja aliyekuwa mpweke. Alihitaji mtu wa kukaa naye kitandani na kuongea ng'ombe. Mimi nikamletea mgonjwa wa foleni. Na hata baada ya kuambiwa hivyo, jana nzima, nilikaribia kitanda mara mbili na mara zote mbili nikarudi kwenye kigoda bila kulitamka jina. Niandike ukweli wote maana hapa si shuleni: niliona aibu kwamba Bibi, ambaye amekufa miaka kumi, angenisikia.

Leo asubuhi gari la masista liliwashwa.

Msomaji wa mbali labda hajui kusindikiza kwetu kukoje. Mgeni haachwi mlangoni. Unatoka naye, unabeba mzigo wake, mnakwenda mnaongea, na anayejua mwisho ni yule anayeondoka. Yeye ndiye anayesimama na kusema, "Basi, rudi sasa." Hajasema, hujarudi. Kugeuka mwenyewe bila kuambiwa ni kama kumfukuza.

Sista aliishika desturi hiyo kuliko sisi. Siku naolewa kuja huku Nemba nilipanda gari la maharusi nikilia kamasi, sikukumbuka kumwambia chochote. Tulipofika Nyakahura dereva akasema kuna pikipiki inatufuata tangu Ngara. Alikuwa yeye, nyuma ya kijana wa bodaboda, kilemba kimejaa vumbi jekundu, miaka yake ikikaribia sabini. Alishuka, akanisogelea dirishani, akasema, "Hujaniambia nirudi." Nikacheka nikilia. Nikamwambia, "Rudi sasa, Sista." Akapanda pikipiki yake akarudi.

Kwa hiyo leo nilisema nitamsindikiza mpaka Nyakahura, si hatua moja pungufu. Deo angenisubiri pale. Sista Elena alikaa mbele na dereva, mimi na Sista nyuma. Sista Godeliva na wenzake waliimba getini, na wanawake wa Kibimba waliozalishwa naye wakapunga kanga. Yeye aliwatazama kwa adabu, kama mtu anayepita kwenye harusi asiyoalikwa.

Tulipita Ngara mjini. Nimekaa, macho chini. Tulipita Benaco. Nimekaa, macho chini, nahesabu vilima vilivyobaki, na vilikuwa vichache. Nikawaza, Skola, heshima unayoilinda ni ya nani, kama mwenye kuheshimiwa haijui?

Nikainua uso nikamtazama machoni. Nikasema, "Merche."

Sauti ilitoka ndogo. Lakini aligeuka. Akanitazama mimi hasa, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, na akatabasamu. Akauliza, "*¿Quién eres?*" Wewe ni nani?

Swali langu la wiki tatu. Nikamshika mkono. "*Soy Skola*," nikasema. "*Soy tu hija*." Mimi ni binti yako.

Alicheka. Alicheka vizuri, cheko la mtoto aliyesikia jambo la ajabu, akatikisa kichwa. Sista Elena aligeuka kutoka mbele akanieleza taratibu: anasema hana binti, yeye mwenyewe bado ni mdogo.

Nikataka kumwambia ulinilea. Sikuwa na neno la "ulinilea". Nilikuwa na vitenzi vya daftari tu, vya leo. Nikakusanya nilivyokuwa navyo. *Me das leche*, nikasema. Unanipa maziwa. *Con cuchara*. Kwa kijiko.

Aliacha kucheka. Akanitazama kwa wasiwasi. "*¿Tienes hambre?*" Una njaa?

Kabla sijajibu alikuwa ameshaingiza mkono kwenye mfuko wa safari aliofungiwa na Sista Godeliva. Akatoa andazi lililofungwa kwenye kitambaa. Akalimega, akanisogezea kipande mdomoni. Nikala. Akamega kingine. Nikala tena, machozi yanaingia mdomoni pamoja na andazi, na yeye akawa ananifuta shavu kwa ncha ya kitambaa na kusema *pobrecita*, neno ambalo halimo kwenye daftari lakini sikuhitaji kutafsiriwa. Dereva alitazama barabara yake. Andazi zima nilimaliza hivyo, kati ya Benaco na Nyakahura.

Baada ya hapo alilaza kichwa begani kwangu na kuanza kunihadithia ng'ombe wake. Wako wanne. Mmoja ni mkorofi, hapendi kuvuka daraja. Nilielewa mengi kuliko siku zote, kwa sababu alikuwa anaongea taratibu sasa, kama watu wanavyoongea na rafiki. Nikauliza maswali yangu mafupi. Ng'ombe yuko wapi? Anakula nini? Wewe unaogopa theluji? Akasema haogopi akiwa na mtu. Nimekwambia shajara, huo ulikuwa mwendo wa vilima vichache. Ningeweza kuwa na wiki mbili na zaidi za hivyo. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amezaliwa leo na meno yote.

Nyakahura gari likasimama. Nilimwona Deo upande wa pili wa barabara, amekaa juu ya pikipiki, kofia mkononi. Manyunyu yalikuwa yameanza. Nikafungua mlango.

Akanishika gauni. "*¿Vienes conmigo?*"

*Vengo, vienes, viene.* Hilo nililijua vizuri. Unakuja nami?

Nilitafuta jibu refu, lenye hospitali na masista wazee na ndege, lenye miaka hamsini ndani yake. Nikapata mstari wa mwisho wa daftari lake mwenyewe.

"*No, Merche. Vivo aquí.*"

Ninaishi hapa. Akanitazama kidogo. Akaliachia gauni, kidole kimoja kimoja. Hakulia, wala hakukasirika. Nikashuka, nikasimama kando ya mlango, nikasubiri. Nilijua ni upumbavu lakini nilisubiri. Sista Elena naye akasubiri, hakujua anasubiri nini. Merche alikuwa ameshageukia dirisha la pili, ambako mchungaji mmoja alikuwa anavusha ng'ombe wake barabara, na alikuwa anawahesabu kwa kidole.

Gari likaondoka.

Nilisimama pale mpaka likapotea kwenye kona, na baada ya hapo nikasimama tena. Mvua ikawa kubwa. Deo alivuka barabara akanifunika koti lake, akaniuliza kama tumeagana. Nikamwambia hatujaagana. Hakuelewa, lakini ni mtu mzuri, alisimama nami tukilowa wote mpaka nilipoweza kupanda pikipiki.

Sasa nipo hapa dirishani. Daftari, lililolowa ndani ya mkoba wangu, nimelikausha kwa pasi ya mkaa na kuliweka kabatini karibu na vyeti vyangu. Sista Elena ameniachia namba. Amesema Jumapili za mbele nipige, atamwekea simu sikioni. Nitapiga, nitamwita kwa jina lake, na tutaongea ng'ombe. Wakati uliopita sitajifunza kwa sasa, sioni wa kumwambia.

Deo ameniletea maji ya moto kwenye beseni. Anasema safari imekwisha, ninawe nile nilale.

Imekwishaje? Hakuniambia nirudi. Bado ninamsindikiza.